Hesabu kwa Wasomaji: 68,800 na Majirani Zake

Barua nyingi za safari hii zinazunguka namba moja ambayo kila aliyesoma jiografia kando ya ziwa anaikumbuka: 68,800, yaani eneo la Ziwa Victoria kwa kilomita za mraba. Tumeanza na hizo. Mwishoni kuna barua mbili za namba kubwa zinazosumbua watu kazini: moja ya kikoba, nyingine ya namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, kwenye kompyuta.

SWALI: Salaam wahariri. Nafundisha Hisabati darasa la sita. Niliwapa wanafunzi kazi ya kuorodhesha vigawo vyote vya 68,800. Wameleta majibu 36, 39, 40 na 41, na mimi mwenyewe nikipanga kwa jozi napata 40. Jibu ni lipi, na nitalithibitishaje bila kuhesabu kimoja kimoja?
*Mwalimu, Sengerema*

JIBU: Ni 42, Mwalimu. Umekosa jozi moja tu, na tunadhani tunaijua.

Kwanza ivunje namba hadi ibaki vigawo tasa. Hakuna haja ya kuanza na 2 na kuteremka hatua kwa hatua kama ilivyo desturi ubaoni. Zile sifuri mbili za mwisho zichukue mapema: 68,800 ni 688 × 100, na 100 ni 2² × 5². Halafu 688 igawe kwa 2 mfululizo: 344, 172, 86, 43. Umegawa mara nne, na 43 ni namba tasa, basi hapo ndipo mwisho. Ukizikusanya:

68,800 = 2⁶ × 5² × 43

Vipeo ni 6, 2 na 1. Kila kipeo kiongezee moja, kisha zidisha: 7 × 3 × 2 = 42.

Ile moja ya kuongeza ndiyo wanafunzi wengi huisahau, na anayeisahau hupata 6 × 2 × 1 = 12. Waeleze hivi: kutengeneza kigawo ni kuchagua. Unachagua uchukue 2 ngapi: sifuri, moja, mbili, hadi sita. Hizo ni njia saba, si sita, kwa sababu kutochukua kabisa nako ni kuchagua. Kwa 5 una njia tatu, kwa 43 una mbili. Kila chaguo la kwanza linaoana na kila chaguo la pili na la tatu, ndiyo maana tunazidisha badala ya kujumlisha.

Orodha yenyewe inapangika kwa safu, na mtu akiipanga hivi hawezi kuruka kitu:

1, 2, 4, 8, 16, 32, 64
5, 10, 20, 40, 80, 160, 320
25, 50, 100, 200, 400, 800, 1,600
43, 86, 172, 344, 688, 1,376, 2,752
215, 430, 860, 1,720, 3,440, 6,880, 13,760
1,075, 2,150, 4,300, 8,600, 17,200, 34,400, 68,800

Sasa kusahihisha. Majibu ya 39 na 41 yakatae hata kabla ya kufungua daftari. Vigawo hukaa wawili wawili, kimoja kidogo na mwenzake mkubwa, kwa hiyo idadi yao huwa shufwa. Hutokea witiri pale tu namba inapokuwa mraba kamili, ambapo kigawo kimoja ni mwenzi wa nafsi yake. 68,800 si mraba: 262² ni 68,644, na 263² ni 69,169.

Aliyepata 40 amekosa jozi moja, na wa 36 amekosa tatu. Wanaopanga kwa jozi mara nyingi hukwama karibu na 262, pale vigawo vidogo vinapokutana na vikubwa, hasa kwa vile vilivyobeba 43, kwa sababu havitambuliki kwa macho: 86 na 800, 172 na 400, 215 na 320. Ipo njia ya kujua ni jozi ipi bila kupitia orodha nzima. Jumla ya vigawo vyote hupatikana hivi:

(1 + 2 + 4 + 8 + 16 + 32 + 64) × (1 + 5 + 25) × (1 + 43) = 127 × 31 × 44 = 173,228

Mwanafunzi mwenye vigawo 40 ajumlishe vyake, atoe kwenye 173,228. Tofauti ikiwa 535, amekosa 215 na 320. Ikiwa 572, ni 172 na 400. Ikiwa 886, ni 86 na 800. Kwako wewe tunabashiri 535.

Nyongeza kwa watoto wanaomaliza mapema: toa 68,800 yenyewe kwenye 173,228, itabaki 104,428. Kumbe vigawo vya namba hii, ukiiacha yenyewe, vinaizidi kwa mbali. Namba ambazo vigawo vyake vinalingana nayo barabara ni adimu sana: 6, 28, 496, 8,128, halafu hakuna nyingine mpaka 33,550,336. Hiyo 8,128 ni 64 × 127. Angalia mabano ya kwanza hapo juu: 127 ni jumla ya safu ya kwanza ya orodha yetu, ile inayoishia 64. Mwulize darasa kwa nini 64 ikizidishwa na 127 inalingana barabara, lakini ikizidishwa na 1,075 inazidi. Hilo ni swali la kipindi kizima.

SWALI: Kwa asilimia tulizofundishwa, Tanzania ina 51 ya ziwa, Uganda 43, Kenya 6. Nimepiga hesabu: sehemu ya Uganda ni 29,584, na hiyo ni 172 × 172 kamili bila hata pointi. Ya kwetu, 35,088, si mraba, wala ya Kenya, 4,128. Kuna sababu gani?
*Msomaji, Nansio, Ukerewe*

JIBU: Hesabu yako ni sahihi na sababu ipo, ila haihusiani na ziwa hata kidogo. 68,800 ni 43 × 1,600. Ukitafuta asilimia 43 yake unazidisha tena kwa 43 na kugawa kwa 100:

43 × 43 × 1,600 ÷ 100 = 43² × 16 = (43 × 4)² = 172²

Yaani 43 imekutana na 43 mwenzake, na kilichobaki, 16, nacho ni mraba. 51 ni 3 × 17 na haina wa kukutana naye ndani ya 68,800. 6 ni 2 × 3, na ile 3 inabaki peke yake. Ukigeuza kilomita za mraba kuwa hekta, mraba wako unaendelea kuwepo, 2,958,400 = 1,720², kwa kuwa kilomita moja ya mraba ni hekta 100, na 100 ni mraba. Geuza kuwa ekari, ambazo ni 247 na ushee kwa kilomita moja ya mraba, unatoweka. Jambo la kweli kuhusu ziwa lisingeondoka kwa kubadili kipimo.

Na hapa tuseme bila kuzunguka: 68,800 si idadi iliyohesabiwa, ni kipimo kilichokadiriwa kwenye mamia. Inasimama badala ya chochote kuanzia 68,750 hadi 68,849. Ndani ya nafasi hiyo imo 68,813, ambayo ni namba tasa yenye vigawo viwili tu (tazama barua inayofuata), na imo 68,800 yenye vigawo 42. Hakuna mpimaji anayeweza kukuambia ziwa ni ipi kati ya hizo. Mwambao wenyewe hausimami mahali pamoja. Mwaka 2020 maji yalipanda yakameza fukwe ambazo mwaka uliotangulia zilikuwa nchi kavu. Asilimia nazo zinatofautiana: wapo wanaotoa 49 kwa Tanzania, 45 kwa Uganda na 6 kwa Kenya. Kwa 45 unapata 30,960, na mraba wa karibu ni 176² = 30,976. Umekosa kwa 16.

Sifa za 68,800 ni za namba. Zifurahie hapo hapo kwenye karatasi.

SWALI: Shikamooni. Klabu yetu ya hesabu ilipewa kazi ya kutafuta namba tasa ya kwanza baada ya 68,800. Mimi nilisema 68,801, mwenzangu akasema 68,807. Kila mmoja aligawa kwa namba tasa zote mpaka 47, na kila mara baki lilikuwepo. Mwalimu amesema wote tumekosa. Tumekosea wapi?
*Mwanafunzi wa sekondari, Nyegezi*

JIBU: Marahaba. Mmekosea mahali pa kuishia. 68,801 = 107 × 643, na 68,807 = 83 × 829. Mngeendelea kidogo tu mngezikamata.

Kikomo ni kipeuo cha pili cha namba. Kama namba ina vigawo viwili vikubwa kuliko 1 vinavyozaana kuipata, haviwezi vyote viwili kuzidi kipeuo chake cha pili, maana zao lingeizidi namba yenyewe. Hapa kipeuo ni 262 na kitu. Kwa hiyo mnagawa kwa namba tasa hadi 257, ambayo ndiyo ya mwisho kabla ya 262. Ziko 55. Kuishia 47 ni kujaribu 15 tu.

Hamsini na tano kwa kila namba mnayoishuku ni kazi ya kuchosha, na uchovu ndio unaoleta makosa. Kwa hiyo msigawe majirani mmoja mmoja. Gaweni 68,800 yenyewe, mara moja kwa kila namba tasa, mwandike baki. Baki hilo linawahukumu majirani wote kwa mpigo. Mfano:

Kwa 7, baki ni 4. Ikiongezwa 3 inatimia 7, kwa hiyo 68,803 inagawanyika kwa 7.
Kwa 13, baki ni 4. Inahitaji 9, kwa hiyo 68,809 imeanguka.
Kwa 83, baki ni 76. Inahitaji 7, na hapo 68,807 ya mwenzako imekwenda.
Kwa 107, baki ni 106. Inahitaji 1. Hiyo ndiyo 68,801 yako.

68,805 inaishia na 5. 68,811 tarakimu zake zinajumlika kuwa 24, basi inagawanyika kwa 3. Zinazoishia na tarakimu shufwa hatuzitazami. Ya kwanza inayopita mitihani yote 55 ni 68,813. Kuhakikisha, pitieni orodha yenu ya mabaki: ongezeni 13 kwenye kila baki, mwone kama jumla inagawanyika kwa namba tasa iliyohusika. Haitagawanyika hata mara moja.

Kwa 7, 11 na 13 kuna njia ya mkato isiyohitaji kugawa namba yote. Kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1,001, unaweza kukata namba katika makundi ya tarakimu tatu kutoka kulia, ukatoa na kujumlisha kwa zamu. Kwa 68,813 unapata 813 − 68 = 745. Mabaki ya 745 kwa 7, 11 na 13 ni 3, 8 na 4, na ndiyo mabaki yale yale ya 68,813. Kwa 37 mnajumlisha makundi badala ya kutoa, kwa sababu 999 = 27 × 37: 813 + 68 = 881, baki 30.

Kama mwalimu angeuliza namba tasa iliyo *karibu zaidi* na 68,800, jibu lingekuwa upande wa nyuma: 68,791. Jihadharini na 68,797 iliyo njiani. Inaonekana tasa kabisa, lakini ni 89 × 773. Kati ya 68,791 na 68,813 hakuna tasa yoyote, pengo la 22. Kwa ukubwa huu wa namba, wastani wa pengo ni kama 11, kwa hiyo mmepewa eneo kame kuliko kawaida. Pengine mwalimu alilichagua makusudi.

KWA UFUPI

*Musoma: 1 ÷ 68,800 inaisha au inajirudia?* Inajirudia, kwa sababu ya 43. Sehemu huisha katika desimali pale tu namba ya chini, baada ya kurahisisha, inapoundwa na 2 na 5 peke yake. Hapa zinatangulia tarakimu sita zisizojirudia, 0.000014, kwa kuwa kipeo kikubwa kati ya cha 2 na cha 5 ni 6. Kisha linaanza kundi la tarakimu 21: 534883720930232558139, na kurudi mwanzo. Kikokotoo cha simu hakiwezi kukuonyesha hilo, kinakata mapema. Gawa kwa mkono.

*Kirumba: kwa mfumo wa mbili inaandikwaje?* 10000110011000000. Ni 65,536 + 2,048 + 1,024 + 128 + 64. Sifuri sita za mwisho ni zile 2⁶. Katika mfumo wetu wa kumi zinaonekana sifuri mbili tu, kwa sababu kila sifuri inataka 2 na 5 pamoja, na 5 ziko mbili.

*Buhongwa: inaweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili?* Hapana. 43 ukiigawa kwa 4 inabakisha 3, na imo mara moja tu. Namba tasa ya aina hiyo ikiwemo kwa kipeo witiri, basi haiwezekani.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mweka hazina wa kikoba. Wanachama hubadilika, mwaka huu 12, mwaka ujao 15 au 16. Kila tukivunja kikoba kuna vishilingi vinabaki na maneno yanaanza. Kuna kiasi ambacho tukikifikia kitagawanyika sawasawa kwa idadi yoyote kati ya hizo?
*Mweka hazina, Igoma*

JIBU: Kipo, mama. Unachotafuta ni Kigawe Kidogo cha Shirika cha 12, 13, 14, 15 na 16. Vunja kila moja: 2² × 3, 13, 2 × 7, 3 × 5, 2⁴. Chukua kila namba tasa kwa kipeo chake kikubwa kuliko vyote: 2⁴ × 3 × 5 × 7 × 13 = 21,840.

Ila 21,840 kwa watu 16 ni shilingi 1,365 kila mmoja, na sarafu ya shilingi 5 huioni tena mikononi mwa watu. Mkigawana taslimu na sarafu yenu ndogo ni 50, zidisha kwa 50: 1,092,000. Wakiwa 12 kila mmoja anapata 91,000. 13, ni 84,000. 14, ni 78,000. 15, ni 72,800. 16, ni 68,250. Kigawe chochote cha 1,092,000 (2,184,000, 3,276,000 na kuendelea) kitafanya kazi vilevile. Kama mnagawana kwa simu, ambako hata shilingi moja inahamishika, vigawe vya 21,840 vinatosha.

Akiingia mwanachama wa 17, mambo yanaharibika: 17 ni tasa na haimo ndani. Kila mmoja angepata 64,200 na kubakisha 600.

Lakini hebu tuulize: mnagawana kwa vichwa au kwa hisa? Vikoba vingi ni kwa hisa, na hapo idadi ya wanachama haina kazi, kinachogawanya ni jumla ya hisa. Tuseme hisa ni 347. Hiyo ni namba tasa, kwa hiyo hakuna kiasi kitakachogawanyika isipokuwa vigawe vya 347 yenyewe, na hamwezi kupanga akiba yenu hivyo. Msifukuzie namba nzuri. Rekebisheni namna ya kukata.

Kosa linaloleta maneno mara nyingi ni hili: mweka hazina anatafuta thamani ya hisa moja, anaikata chini, *kisha* anaizidisha. 1,092,000 ÷ 347 ni 3,146 na kitu. Akiikata kuwa 3,100 ili itoke kwenye sarafu, 3,100 × 347 ni 1,075,700. Zimebaki 16,300, na mwenye hisa nyingi ndiye aliyekatwa zaidi. Badala yake zidisha kwanza, gawa baadaye, kata mwisho kabisa, kwa kila mwanachama peke yake. Mwenye hisa 25: 25 × 1,092,000 = 27,300,000; gawa kwa 347, unapata 78,674; kata hadi 78,650. Kwa njia ya kwanza angepewa 77,500, pungufu ya 1,150. Kwa njia hii hakuna anayepoteza shilingi 50 kamili, na kwa watu 16 masalia hayafiki 800. Andikeni kwenye katiba masalia hayo yanaenda wapi, mfuko wa jamii kwa kawaida, kabla ya siku ya mgao na si siku yenyewe.

SWALI: Nina duka la steshenari. Nimeletewa kazi ya kuingiza namba za NIDA za watu kwenye Excel. Nikiandika tarakimu 20 inageuka kuwa 1.99E+19, nikiipanua naona tano za mwisho zimekuwa sifuri. Kompyuta ina virusi?
*Mfanyabiashara, Nyegezi*

JIBU: Haina. Excel inahifadhi namba kwa usahihi wa tarakimu 15 tu. Jaribu kuandika 12345678901234567890: itahifadhi 12345678901234500000. Ndani, kila namba inawekwa katika nafasi ya biti 53 za tarakimu zenye maana, na nafasi hiyo inatosha namba nzima zote hadi 9,007,199,254,740,992 pekee. Baada ya hapo inaanza kuruka, namba moja iko, inayofuata haiko. Tarakimu 15 ndicho kiwango ambacho hakuna inayorukwa.

Tofautisha mambo mawili yanayofanana kwa macho. Namba ya malipo ya serikali, ile control number yenye tarakimu 12, nayo itakuonyesha E+11, lakini haijaharibika. Ni maonyesho tu, badili seli iwe namba isiyo na desimali na utaiona yote. Ya NIDA imeharibika kweli. Kubadili mtindo wa seli *baada* ya kuandika hakurudishi kitu, zile tano hazimo tena ndani ya faili. Itabidi uziandike upya kutoka kwenye karatasi.

Utaratibu: chagua safu nzima ikiwa tupu, bofya kulia, Format Cells, Text, ndipo uanze kuandika. Au tanguliza alama ya ' kabla ya namba. Au iandike na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho; ikiwa na vistari Excel inaichukulia kuwa maandishi. Utajua imekaa vizuri ikilala upande wa kushoto wa seli. Pembetatu ya kijani kwenye kona ikikuonya kwamba ni namba iliyohifadhiwa kama maandishi, ipuuze, na usikubali ikubadilishie. Namba za simu zinazopoteza 0 ya mbele zina tiba hiyo hiyo.

Mahali pawili pa kuangalia. Faili la CSV ukilifungua kwa kulibofya tu, Excel inasoma upya na kuharibu tena. Liingize kupitia Data, From Text/CSV, na uiambie safu hiyo ni Text. Pili, ukitafuta majina yaliyojirudia kwa COUNTIF, hata safu ikiwa ya maandishi, fomula hiyo inazigeuza kuwa namba kimyakimya na kulinganisha tarakimu 15 za mwanzo. Namba ya NIDA huanza na tarehe ya kuzaliwa, tarakimu nane, ikifuatiwa na tano za eneo, kwa hiyo watu wawili waliozaliwa siku moja eneo moja wanaweza kuonekana ni mtu mmoja. Andika hivi badala yake: =COUNTIF(A:A,A2&"*"). Ile nyota inailazimisha Excel kulinganisha maandishi, tarakimu zote 20.